Jinsi nilivyomwangusha tajiri wa mwalo

Ushauri uliokaribia kuiharibu riwaya yangu ni ule ambao kila mtu huutoa: "Mpe adui udhaifu." Walionipa walinitajia Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani, na sindano ya shaba kitovuni, kana kwamba sindano ndiyo iliyomuua. Liyongo aliuawa na mwanawe. Alihisi kijana katumwa, akamwambia siri hata hivyo. Sindano bila mwana ni kipande cha shaba tu. Nilipoliona hilo niliacha kutafuta tundu katika ngozi ya Kabuye, adui wa riwaya yangu, nikaanza kuwatazama watu waliomzunguka.

Kabuye ni tajiri wa mwalo, yaani ufuko wanakoshushia samaki, wa kubuni ambao nimeuweka upande wa Buvuma, Ziwa Viktoria. Nguvu zake msomaji wa Uganda atazitambua mara moja. Mwaka 2017, wanajeshi walipoanza kulinda ziwa, mitumbwi isiyofika futi 28 ilianza kuteketezwa. Aliyechomewa wake anahitaji mashua kubwa, na Kabuye anazo. Anampa mashua, injini, nyavu na petroli ya kila usiku, kisha ananunua samaki kwa bei anayoitaka mwenyewe, maana lori la barafu ni lake peke yake. La kutisha zaidi, jina lake halimo katika karatasi yoyote. Leseni za mashua zote 12 zina majina ya wavuvi. Akikamatwa mputa, yaani sangara, asiyefika inchi 20, anayelala ndani ni mvuvi.

Rasimu ya kwanza niliwaleta wanajeshi wakamkamate. Ikafa hapo hapo: nimetumia sura 19 kueleza kwamba hawana cha kumkamatia, leo wamekipata wapi? Rasimu ya pili ilikuwa mbaya zaidi, na ninaieleza kwa sababu naiona katika miswada mingi. Nilimlewesha. Kabuye akanywa waragi kwenye arusi, akaropoka mbele ya watu, dereva wake akamrekodi kwa simu. Tukio lenyewe liliandikika vizuri, lina ngoma, lina vicheko, nikalipenda. Lakini mtu huyu tangu ukurasa wa kwanza hanywi ila chai ya tangawizi, na hajawahi kutaja deni la mtu mbele ya mtu wa tatu. Niliyemwangusha arusini alikuwa mtu mwingine aliyevaa kanzu yake. Adui akiwa mjinga usiku mmoja kwa faida ya mwandishi, msomaji hatakusamehe. Rasimu ya tatu aliugua moyo. Hiyo niliifuta siku hiyo hiyo.

Kilichofanya kazi ni karatasi moja. Upande wa kushoto niliandika vinavyomsimamisha: petroli, barafu, hofu, na kutokuwamo katika leseni. Kulia, mbele ya kila kimoja, nikaandika ni mikono ya nani inayokishika alfajiri. Petroli inashikwa na kijana wa madumu, barafu na dereva. Nilipofika kwenye leseni kalamu ilisimama. Zimo mifukoni mwa wavuvi! Ile ngao yake ndiyo hati yao ya umiliki. Mashua 12 zikiondoka usiku mmoja kwenda mwalo mwingine, hawezi kwenda polisi kuzidai bila kukiri kwamba ni zake, pamoja na nyavu haramu na miaka yote ya samaki wachanga.

Ukishafika hapo usikimbilie mwisho. Kuna swali ambalo msomaji atakuuliza: mbona hawakuondoka zamani? Usipolijibu, umewafanya wavuvi wajinga badala ya adui, na kosa ni lile lile. Majibu yangu ni mawili. Kila mvuvi anaamini mwenzake atamchongea. Na bila barafu samaki wanaoza.

La kwanza nimemwachia Nakato, msichana wa mizani. Yeye ndiye pekee anayejua kilo za kila mtu, kwa hiyo ndiye pekee anayeweza kupiga hesabu kwamba madeni yote yalikwisha kulipwa mara mbili. La pili ni chumvi. Mputa anapasuliwa mgongoni, anapakwa chumvi ya Katwe, kilo 1 kwa kila kilo 3 za samaki, anakaushwa, anapelekwa mpakani Mpondwe kuuzwa Kongo. Hapo barafu haina kazi.

Sasa kupanda mbegu. Chumvi inaonekana sura ya 4, bibi yake Nakato akikausha samaki, na Kabuye anaziba pua, anacheka harufu ya umaskini. Msomaji anadhani anasoma dharau. Leseni ziko sura ya 7: mvuvi kafungwa, Kabuye anampelekea mkewe sukari na sabuni. Msomaji anadhani anasoma ujanja wake. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini: dokezo lipewe kazi nyingine pale lilipo, tena ikiwezekana kazi ya kumkuza adui. Lirudi mara ya pili kwa nusu sentensi tu, sura nne tano kabla ya mwisho.

Na mwache apigane kwa akili yake yote. Wangu alinusa mapema, akazuia petroli, akamnunua mvuvi mmoja. Aliyenunuliwa ni kaka yake Nakato. Mashua 11 zikaenda, ya kumi na mbili ikarudi, na ushindi ukawa na bei.

Katika kitabu kizima Kabuye husema Luganda, ila akitaka kutisha hugeukia Kiswahili cha amri, kile cha kambi za jeshi. Asubuhi ile anaamrisha kwa Kiswahili mashua zirudishwe. Nakato anamjibu kwa lugha hiyo hiyo, bila kuacha adabu: "Mashua za nani, Mzee? Leseni inasema za nani?"

Nilikuwa nimemwandikia Kabuye hotuba ya nusu ukurasa baada ya hapo. Nimeikata. Amebaki ameshika kamba ya mashua moja, na mizani nyuma yake haina kitu.