Mashine iligoma Maziwe, maji yanajaa, na watoto wanne mikononi mwangu

Nimechoka kusikia kwamba niliwapeleka watoto wadogo kuwatoa kafara baharini. Maneno yameanzia kwa shangazi yake baba watoto, yakapita kwenye kundi la familia la WhatsApp, sasa hata majirani wanayajua. Acha nieleze mwenyewe ilivyokuwa, maana watoto wote wanne, wangu watatu na wa mdogo wangu mmoja, kitinda mimba akiwa na miaka mitatu tu, walirudi wazima bila hata kubabuka jua, na hilo halikuja kwa bahati.

Kwa asiyepajua, Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya bahari, kusini mashariki ya Pangani, ukiwa Ushongo unaliona mbele yako. Wazee wa kwetu Kigombe wanalikumbuka likiwa kisiwa hasa, lina miti ya mivinje, kasa wanapanda kutaga. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Miaka michache baadaye miti ikaisha yote, ukabaki mchanga mtupu. Siku hizi maji yakipwa unaliona fungu jeupe pe. Yakijaa, hakuna kitu. Ndiyo sababu hata mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa pwani ya Ushongo, yasije yakafunikwa na maji kabla ya kuanguliwa.

Kwa hiyo safari ya Maziwe huanzi kwa kuuliza bei ya boti, unaanza kwa kuuliza maji. Mwenyeji wetu pale Pangani, mtu mwema kabisa, alimshauri baba watoto twende alasiri jua likiwa limepungua, watoto wasiungue. Baba watoto ni mtu wa Iringa, kwake ushauri ule ulikuwa na akili. Mimi nikakataa palepale. Mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama, maana yake bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa mno na kujaa mno. Pwani yetu siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, na kati ya kupwa na kujaa bahari hupanda zaidi ya mita tatu. Ukienda alasiri siku kama ile utazunguka na boti juu ya maji ukitafuta kisiwa. Tukakubaliana tuondoke alfajiri na saa sita tuwe tunageuza.

Ushauri mwingine ulionikera ni wa kuwanywesha watoto chai ya maziwa na chapati nyingi wasafiri wameshiba. Mtoto akichafukwa moyo kwenye boti, maziwa na mafuta ndivyo vya kwanza kurudi. Mimi niliwapa muhogo wa kuchemsha kidogo na chai ya rangi yenye tangawizi, nikawaketisha katikati ya boti kuelekea nyuma, ambako hakurushi sana, nikawaambia watazame milima ya bara wasitazame sakafu. Mmoja tu alitapika, na alitapika kidogo.

Jaketi okozi ndilo lililotuchelewesha. Nahodha alikuwa nayo, lakini ya watu wazima tupu. Nilimvalisha mwanangu wa kati moja, nikalishika mabegani nikalivuta juu: likapanda mpaka masikioni. Jaketi la namna hiyo mtoto akianguka majini linabaki juu lenyewe, yeye anachomoka chini. Nikamwambia nahodha, "Shikamoo mzee wangu, lakini sipandi." Akanitazama, akasema, "Mwanangu, watu wote wanapanda hivihivi." Sikupanda. Kijana wake akatumwa kuazima ya watoto yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, tukangoja jua likipanda na baba watoto akinung'unika. Boti yenyewe ilikuwa laki na kidogo ukijumlisha na kiingilio cha hifadhi, na mle ndani tulikuwa na mke na mume vijana tuliochangia nao gharama.

Kule kisiwani sina mengi. Maji ya kioo, watoto walifurahi, tulikula samaki wa kukaanga na mikate.

Lakini jua la Maziwe halina mzaha, na pale hakuna mti. Hapa ndipo nilipopigana. Nilichomeka makasia mawili mchangani nikatandaza kanga juu yake. Upepo wa kaskazi ukapuliza, yote chini. Nikachomeka ndani zaidi, nikazungushia mchanga, baba watoto akaukandamiza kwa miguu. Chini tena, na safari hii kasia nusura limpige mtoto. Tukafunga kanga mbili pamoja kupunguza upepo. Ikawa tanga kamili, tukawa tunaikimbiza mpaka kwenye maji. Yule kijana tuliyechangia naye akasema tuache, watoto wavae kofia inatosha. Kofia haitoshi, mchanga mweupe unarudisha jua usoni kutokea chini.

Nikakumbuka baba yangu alivyokuwa akifunga nyavu ufukweni Kigombe. Nilikwenda botini nikachukua kiroba tulichobebea ndimu na viazi, nikakijaza mchanga robo tu, nikakifunga shingo kwa kamba, nikachimba shimo la urefu wa mkono wangu, nikakizika kimelala. Kamba ikatoka juu ya mchanga kwa mshazari kuelekea kwenye kanga. Nikafanya vivyo hivyo pembe nyingine kwa mfuko wa nguo wa sokoni. Upepo ukavuta kweli kweli, na kadiri ulivyovuta kiroba kikazidi kung'ang'ania. Hata nahodha alikuja akaivuta ile kamba kwa mkono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kivuli kile kilikaa mpaka tulipokiondoa wenyewe. Zaidi ya hapo kila mtoto alikuwa na kipande cha kanga mbichi mabegani, nachovya, nakamua, namrudishia.

Saa sita kasoro nahodha akavuta mashine. Haikuwaka. Akavuta tena. Akafungua plagi, akaifuta kwa fulana, akaipuliza, akarudishia. Ikakohoa, ikazima. Kila ikikohoa sote tunasimama, kisha tunakaa. Akasema kwa unyonge, "Mashine hii jana imekwenda mpaka Mkwaja bila tatizo." Nikasogea karibu nikaona chini ya chupa aliyokinga mafuta kuna matone mazito yamejitenga, yanazunguka kama macho ya samaki. Mafuta yalikuwa yameingia maji, na dumu la akiba lilijazwa sehemu ileile.

Simu ilishika mtandao ukisimama juu kabisa ya boti. Mwenzake nahodha akapatikana, yuko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, akasema anakuja. Anayejua pwani anajua neno hilo lina urefu wake.

Mtu wa bara akiona mchanga bado mpana hivyo anaweza kudhani nafasi ipo ya kutosha. Bahari haipandi kwa mwendo mmoja. Tangu maji yapwe mpaka yajae ni saa sita na dakika chache, na saa ya kwanza hupanda kidogo sana. Saa ya pili huongeza mwendo. Saa ya tatu na ya nne ndizo hukimbia, hizo mbili peke yake hubeba nusu ya maji yote, kisha hulegea tena. Maji yalikuwa yamepwa saa nne na ushei. Hesabu mwenyewe: mashine iligoma tukiukaribia mlango wa saa ya tatu.

Sikutaka watoto waone hofu, na nilitaka kujua tuna muda gani. Nikawapa vijiti, vile vya mishikaki tuliyobeba, nikawaambia wachomeke kimoja panapoishia maji, kisha warudi kivulini tuimbe. Tukimaliza wimbo wanakimbia na baba yao kuchomeka kingine. Atakayechomeka karibu zaidi na maji bila kulowa anapata kipande cha embe. Walishindana kwa vicheko vyote. Mimi nikitazama umbali kati ya kijiti na kijiti: mwanzo hatua moja, kisha mbili, kisha nikaona vijiti viwili vya kwanza vimeshazama kichwa. Kitinda mimba akapiga makofi, "Mama, bahari imekula changu!"

Hapo tukakosana na wenzetu. Wao walitaka tubaki mchangani mpaka boti ya pili ifike, kwa sababu mchangani mtu anahisi salama, na nahodha naye alikuwa upande huo, shauri ya kuona haya nadhani. Mimi nikasema watoto wanapanda sasa hivi. Boti ilikuwa imeelea upande uliojikinga na upepo, maji magotini, shwari. Kumpandisha mtoto kwenye maji ya magoti ni kumnyanyua na kumweka. Ukingoja mpaka maji yapite juu ya fungu, mawimbi ya pande mbili yanakutana palepale uliposimama, boti inaruka, na wewe una mtoto kwapani na mwingine anakulilia shingoni. Baba watoto, Mungu ambariki, hakubishana. Tulipandisha watoto wote, jaketi zimefungwa mpaka mkanda wa miguuni, tukavuta boti mpaka maji ya kifua, nahodha akatia nanga na kuilegeza kamba ndefu ili nanga ilale na kushika. Wenzetu wakatufuata wakiwa wamelowa mpaka kifuani.

Tulikaa pale kwa nanga muda mrefu. Boti iliyosimama inatikisa kuliko inayokwenda, na ndipo tumbo la kila mtu likachafuka. Nilikuwa na chupa ya maji niliyotia sukari na chumvi nyumbani, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja, nikawa nampa kila mtoto funda moja, nangoja, funda jingine. Ukimpa kikombe kizima anakirudisha chote. Baba watoto na yule kijana walishika zamu ya kufua maji yaliyokuwa yakirukia ndani. Mkojo, ndoo.

Fungu lilikuwa limebaki ukanda mwembamba, kisha povu tu, wakati boti ya pili ilipotokea. Hatukuhamisha mtoto hata mmoja baharini. Nahodha mwenzake alitaka tuwapokezane juu juu ili tuwahi, nikamwambia hapana, tuvute. Tukavutwa kwa kamba polepole mpaka Ushongo, tukashuka ufukweni kwa miguu yetu.

Nahodha alikuja jioni kutusalimia na kuturudishia nusu ya fedha, na nilimshukuru mbele ya watu, kwa sababu hakuficha tatizo na hakubishana na mwanamke aliyekuwa na watoto. Nilimwomba vitu viwili: awe anakagua mafuta kama yana maji kabla ya kujaza, na kila siku aache jaketi za watoto mle ndani ya boti. Baadaye akaniambia amenunua mbili.

Shangazi anasema bahari na watoto wapi na wapi. Mimi nimelelewa Kigombe. Watoto wangu wanakaa Morogoro, na kama mimi sitawaonyesha maji yanavyopwa na kujaa, hakuna wa kuwaonyesha. Wa kwanza sasa akiona mwezi mwembamba magharibi ananiambia, "Mama, kesho bamvua." Yuko darasa la tatu. Likizo ya Juni ni wakati wa upepo wa kusi, bahari mbaya, hatuendi. Desemba tunakwenda, na nimeshamwambia baba watoto viroba nitabeba vinne.