Chenji ya Mstahiki Meya

Watu wa nje huitania Tanga kwa "waja leo waondoka leo". Mimi nimeugeuza utani: niliondoka leo, kurudi ikanichukua miaka 17. Nilipopanda ndege, mji wetu ulikuwa umepewa hadhi ya jiji juzijuzi tu, mwaka 2005, na tulikuwa tukichekana kwamba jiji gani hili, baiskeli nyingi kuliko magari. Nimerudi, baiskeli bado zipo ila bodaboda zimezipiku. Na Mama, niliyemwacha akikaanga bajia barazani kwake Ngamiani, nimemkuta ni katibu wa kikundi, ana miwani, ana muhuri.

Nilitegemea aniulize kama nimerudi jumla au nimekuja kutembea tu. Hakuuliza. Siku ya nne baada ya magharibi alisema, "Kesho Mwahako utakwenda na sisi au utabaki umelala?"

Mwahako ni pale panapofanyika maonesho ya biashara na utalii. Kikundi cha Mama kilikuwa na banda (jina la kikundi silitaji, watasema nimewatangaza bila posho). Usiku ule nyumba nzima ilinuka siki na pilipili. Akina mama saba wamejaa sebuleni, huyu anabandika lebo kwenye chupa za achari ya embe, yule anafunga ubuyu, mwingine anachuja mafuta ya nazi kwa kitambaa cha kanga. Mama yeye alikuwa ameinamia karatasi, ananakili risala.

Niliichungulia. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa vyeo: mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa mkuu wa wilaya, Mstahiki Meya, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini, wazee wetu.

"Mama, si mngeandika tu 'itifaki imezingatiwa' mkaendelea?"

Akanitazama juu ya miwani. "Hayo maneno ya mshereheshaji, yeye keshalipwa. Sisi tuna shida. Mwenye shida anamtaja mtu kwa cheo chake."

Shida yenyewe ilikuwa mkopo. Kwa wale waliokaa nje kama mimi: kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, asilimia 4 vikundi vya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha nchi nzima ili ipangwe upya, na 2024 ikarudi. Kikundi cha Mama kilijaza fomu zote, kikafungua akaunti, kikapiga picha za pasipoti. Walichokuwa wanataka ni mashine ya kufungia chupa, kwa sababu vifuniko vya kukaza kwa mkono vinavuja, na achari inayovuja dukani haipokelewi.

Basi tukaenda. Banda letu lilikuwa pembeni kabisa, jirani na mashine ya kukamulia miwa. Saa tatu asubuhi tulikuwa tumeshapanga, chupa zimefutwa, kanga mpya zimevaliwa sare. Saa saba, jua la utosi, msafara ukatokea. Mgeni rasmi mbele na skafu ya skauti shingoni, mkuu wa wilaya ubavuni kwake, nyuma kidogo Mstahiki Meya, kisha madiwani, kisha waandishi wanaotembea kinyumenyume na kamera zao. Mabanda yalikuwa mengi, jua lilikuwa kali. Walitupungia mkono, akina mama wakapiga vigelegele, msafara ukapita. Risala ikabaki mkononi, imelowa jasho kwenye kona.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa meya. Pengine ni kwa sababu ya kule nilikotoka.

Nilikuwa mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee huko Reading, kama nusu saa kwa treni kutoka London. Mji kama ule una meya ambaye madiwani humchagua kila Mei, kwa mwaka mmoja, na mwenye madaraka hasa ni kiongozi wa baraza. Meya kazi yake ni kuongoza vikao vya baraza na kutokea. Shule ikiwa na gulio la kuchangisha hela za paa, anatokea. Wakiandamana kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, kila Novemba, anaweka shada. Na kila anakokwenda amevaa mkufu wa cheo, vipande vya dhahabu vimefuatana kifuani, na mimi nilipouona mara ya kwanza nilijisemea, mtu mzima kavaa mnyororo wa baiskeli.

Kisha bibi mmoja pale kazini akatimiza miaka 100. Kadi ya Malkia ilikuwa imefika, imewekwa juu ya kabati, yeye hata hakuitazama. Alikuwa na miezi hajatamka neno la maana. Meya akaja, akavuta kiti cha plastiki, akamshika mkono. Bibi akaunyoosha mkono mwingine mpaka kwenye ule mkufu, akaanza kuuhesabu, kipande baada ya kipande, kwa kidole gumba, namna ileile Bi Mkubwa wetu alivyokuwa akivuta tasbihi baada ya isha. Alihesabu duru nzima. Meya hakusogea, hakutazama saa, na dereva wake alikuwa mlangoni anakula keki akijua kuna shughuli nyingine inawasubiri. Alipomaliza bibi akasema, "Mzito." Tulilia wote, pamoja na meneja ambaye hakuwa mtu wa kulia.

Siku hiyo ndipo nilipoacha kuwacheka. Mwaka uliofuata nilikwenda hata kwenye lile gwaride la Meya wa City ya London, kile kitovu kikongwe cha London chenye meya wake peke yake, Jumamosi ya pili ya Novemba, nikaganda kwa baridi kando ya barabara ili tu nione gari la farasi la dhahabu lililoundwa mwaka 1757. Asili ya gwaride lenyewe ni sharti. Mwaka 1215 Mfalme John aliwaruhusu watu wa City wajichagulie meya, ila kila meya mpya aende Westminster kuapa utii. Ile safari ya kwenda kuapa ndiyo iliyokuwa sherehe. Yaani tangu mwanzo walimtaka mtu atoke nje, apite, aonekane.

Na meya wetu? Joho na mkufu anavyo, tulivyorithi kwa Mwingereza, anavivaa kwenye baraza la madiwani. Maonesho ya Mwahako hayavaliwi joho, ungekufa kwa joto. Ila utaratibu wetu una jambo linalonikera kidogo, nalisema hapa kwangu. Huyu bwana kwanza ni diwani, watu wa kata wamempigia kura. Kisha madiwani wenzake wakamchagua awaongoze kwa miaka mitano, na naibu wake wanamchagua kila mwaka. Wanaomtangulia msafarani wameteuliwa. Mkurugenzi wa jiji, anayeshika fungu, naye ameteuliwa. Kule Reading meya hata akiwa hana kauli, mjini kwake ndiye wa mbele. Hapa aliyechaguliwa anatembea wa tatu, tena lazima apunge mkono kwa haraka asiachwe na walio mbele.

Nilimwambia Mama hivyo tukiwa tunarudi kwenye bajaji, na maboksi ya achari yametubana magoti. "Sasa kazi ya meya ni nini?"

"Kuonekana."

"Basi?"

"Wewe umekaa Ulaya miaka yote hiyo, tulikuwa tunakuona?"

Sikuwa na jibu. Dereva wa bajaji alijifanya anaangalia barabara.

Niseme pia kwamba pwani hii haikufundishwa gwaride na mtu wa juzi. Babu yangu alipenda kutusimulia habari za beni, Marini na Arinoti, ngoma za matarumbeta ambazo watu walijigawa makundi, wakajipa vyeo vya kizungu, wakashona sare, wakaandamana mitaani kushindana nani nadhifu zaidi. Babu aliwaonea wivu, maana kwao hakukuwa na hela ya sare. Mimi nami nilipata cheo changu: darasa la tano nilikuwa skauti wa kumvisha mgeni rasmi skafu. Tulipangwa saa mbili asubuhi. Mgeni, simtaji, alifika saa nane, wenzangu wawili wameshazimia kwa jua. Nilimvisha, akanipa mkono huku anaongea na mtu mwingine. Ule mkono wa baridi, uliotoka kwenye gari lenye kiyoyozi, ninaukumbuka mpaka leo.

Siku ya tatu ya maonesho hakukuwa na mshereheshaji wala king'ora. Watu wachache, upepo unavuruga maturubai. Mama alikuwa anakula mihogo ya kukaanga. Nikasikia, "Shikamoo, mama zangu." Nikageuka. Ni yeye, shati la mikono mifupi, kijana mmoja tu nyuma yake ameshika simu mbili.

"Marahaba, Mstahiki," Mama akasema, mdomo umejaa.

Alisema juzi waliwapita, ndiyo amerudi. Hakukaa kwenye kiti tulichokifuta kwa haraka, alikaa juu ya kreti la soda. Mama akaifuata risala mkobani, akaanza kuisoma yote na vyeo vyake, ingawa kati ya waliotajwa alikuwepo mmoja tu. Alipofika kwenye viongozi wa dini, meya akatazama kulia na kushoto kama anayewatafuta. Akina mama wakacheka, risala ikaisha kama mazungumzo ya kawaida. Hakuahidi mkopo. Alieleza fomu inapita wapi, kutoka ofisi ya kata kwenda kamati, nani anaihakiki, na kwamba yeye hana kalamu ya kusaini hundi. Ila atauliza faili limekwama meza gani. Mama akaandika hayo nyuma ya risala, na tarehe.

Kisha akaonja achari. Kosa lake ni kuchota kijiko kizima kama mtu anayekula wali. Pilipili ile si ya mchezo. Akakohoa, machozi yakamtoka, yule kijana akakimbilia mashine ya miwa, akarudi na glasi. Alipopata pumzi akasema, "Nipeni moja, nimpelekee mtu ninayemdai." Akatoa msimbazi, noti ya elfu kumi. Chupa ilikuwa shilingi 3,000, na asubuhi ile hatukuwa tumeuza kitu. Tukapekua mikoba yote, hakuna chenji. Yule bwana wa miwa naye hana. Meya akasema acheni, akaondoka na chupa yake, akaingia banda la pili la wafuma ukili.

Mama hakuacha. "Elfu saba ya watu," alikuwa akisema kila jioni. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga, na kanga ikifuliwa hela inahamia kanga nyingine. Nilimwambia nitamtumia meya kwa simu. Akaniuliza kama namba yake ninayo. Nikasema mpelekee ofisini. "Niende ofisi ya jiji na elfu saba mkononi? Wanaoniona watasema natoa hongo."

Majibu ya faili yalikuja baada ya wiki kadhaa, na hayakuwa ya kupendeza: katiba ya kikundi ilikosa sahihi moja, warudie. Wakarudia.

Mfungo sita ukaingia. Zafa la maulidi nilikuwa nimelikosa miaka 17, na kwa kweli ndilo nililokuwa nikiliota kule kwenye baridi. Tulisimama kando ya barabara tangu alasiri. Kwanza ukasikia twari kwa mbali, halafu bendera za kijani zikachomoza kwenye kona, halafu madrasa moja baada ya nyingine, vijana wa kanzu nyeupe na vilemba wanayumba pamoja kwa kasida, mwalimu anarudi nyuma nyuma akiwaonyesha mdundo kwa vidole. Mtoto mmoja kiatu kilimtoka, akaendelea kucheza na mguu mmoja mtupu. Mbele ya kundi la kati walitembea masheikh, na kati yao Mstahiki Meya, kanzu na koti, kwa miguu kama wengine, vumbi mpaka kwenye vifundo.

Nikamtafuta Mama ubavuni kwangu, hayupo. Nikamwona katikati ya barabara, anatembea sambamba na masheikh, huku anafungua fundo la kanga kwa meno.

"Mstahiki! Chenji yako."

Alimtambua. Akacheka, akakunja kiganja chake juu ya mkono wa Mama bila kuchukua hela. "Kaa nayo, mama. Nitakuja kuchukua chupa nyingine mbili."

"Mbili elfu sita. Na sasa hivi hakuna, imekwisha. Shika hela yako."

Akaishika.