Nani Anaongoza Ngoma?

Mkutano ulifanyika Paje, Zanzibar, chini ya mkungu, magunia ya mwani mkavu yakiwa yamepangwa ukutani. Nilikuwa mkalimani kati ya mnunuzi kutoka ng'ambo na akina mama wa kikundi. Wao walilalamikia bei na mizani. Yeye akalalamikia mchanga na unyevu. Mwisho akakunjua mikono, akasema: it takes two to tango.

"Matango yametokea wapi?" mama mmoja akanong'ona.

Ningeweza kusema "mkono mmoja haulei mwana", yakaisha. Lakini methali yetu huita watu wasaidiane, na yeye alikuwa akigawa lawama. Usemi wake wa Kiingereza, kwamba tango huchezwa na wawili, naujua vizuri, na naupenda. Ulienea kwa wimbo alioimba Pearl Bailey mwaka 1952, na miaka 30 baadaye Rais Reagan aliutumia alipozungumzia uhusiano wa Marekani na Wasovieti, akimaanisha nao wasogee. Basi nikawaeleza akina mama kwamba tango ni ngoma ya watu wawili, ya Buenos Aires na Montevideo, miji ya Amerika Kusini, iliyoanzia mitaa ya wahamiaji na watu wenye asili ya Afrika, na bwana huyu anasema mambo yakiharibika, wote wawili wamo.

Bi Mkubwa wa kikundi alikuwa akisikiliza huku akisugua ncha za vidole, zilizochanika kwa kamba na chumvi. Alilima mwani tangu kilimo hicho kinaanza pale, mwaka 1989.

"Mwanangu, wanacheza wameshikana?"

"Ndiyo, Bi."

"Na nani anamwongoza mwenziwe?"

Nikamwambia kwa kawaida mmoja huongoza, mwingine humfuata.

"Haya, muulize. Bei anapanga nani? Mizani anaisoma nani?"

Nilitafsiri bila kupunguza neno, na moyoni nilijaa fahari kwa ajili yake. Katika kuusoma usemi ule miaka yote, swali hilo halikuwahi kunijia.

Mnunuzi alinyamaza kidogo. Bei, alisema, hata yeye huletewa kutoka juu, na siku hiyo haikupanda hata shilingi. Kuhusu mizani alikubali: siku ya kupima, mama mmoja asimame upande wa namba na daftari lake mwenyewe. Kabla sijamaliza kutafsiri, walishaanza kubishana nani kati yao ana macho mazuri zaidi.