Ombi la mkopo wa wabangua korosho lililorudishwa: nilivyolirekebisha

Wengi Masasi na Nachingwea huulizia "ruzuku", lakini kinachopatikana halmashauri ni mkopo usio na riba. Unatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Andiko lisilo na ratiba ya marejesho linaonekana kama la kuomba msaada.

Ombi hili la wanawake watano lilikuwa na kasoro tatu. Ya majina ilikuwa nyepesi: jina la mweka hazina kwenye kitambulisho cha NIDA halikufanana na la benki. Tulilirekebisha benki, kisha muhtasari wa kikao ukaandikwa upya na kusainiwa na wote.

Kubwa zaidi ni chanzo cha malighafi. Andiko lilisema watanunua korosho ghafi majumbani kwa wakulima. Hiyo ni kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi usioruhusiwa, na hakuna afisa maendeleo ya jamii atakayeipitisha. Tukaandika ununuzi kupitia utaratibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) na mnada.

Hesabu nazo zilidanganya. Kilo 100 ghafi hutoa takribani kilo 20 hadi 25 za korosho karanga, si 50. Baada ya kurekebisha, faida ilishuka, kwa hiyo tukapunguza kiasi cha mkopo na kuomba marejesho yaanze baada ya mauzo ya kwanza. Msimu huanza Oktoba, hivyo peleka ombi miezi kadhaa kabla.