Wazee waliozingira gari la mbunge

Jioni hii nimeirudia tena ile video ya Chicago, Agosti 1989. Wazee wanamzomea mbunge Dan Rostenkowski, mwenyekiti wa kamati ya Bunge la Marekani inayoshughulikia kodi. Wamelizingira gari lake, mama mmoja mtu mzima ameng'ang'ania boneti. Mwishowe mheshimiwa anashuka na kutimua mbio kwa miguu. Inachekesha, sikatai. Lakini sheria iliyowatia hasira kiasi hicho ilitungwa kwa ajili yao wenyewe, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Rais Ronald Reagan aliitia saini Julai 1988. Iliipanua Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na kuendelea: mzee akiugua sana, gharama za kutoa mfukoni ziwe na kikomo, na baadaye dawa anazoandikiwa na daktari nazo zilipiwe. (Reagan huyuhuyu, mwaka 1961, alirekodi santuri kwa ajili ya chama cha madaktari, akionya kwamba bima ya serikali kwa wazee ingefungua mlango wa ujamaa. Siasa ina vituko.)

Ugomvi ulikuwa nani alipe. Wafanyakazi wote huichangia Medicare kupitia makato ya mishahara, lakini safari hii iliamuliwa kwamba wazee wenyewe wabebe mzigo wote wa nyongeza. Mwenye kipato kizuri angelipa hadi dola 800 kwa mwaka 1989, mke na mume 1,600. Waliostahili kutozwa kiasi hicho walikuwa wachache, ila barua za kampeni ya kuipinga sheria hiyo zilimiminika majumbani na wengi wakaamini kwamba hata wao wangekamuliwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo walidanganywa? Wengine ndiyo. Lakini siwezi kuishia hapo. Wastaafu wengi wenye uwezo tayari walikuwa na bima za ziada, baadhi kutoka kwa waajiri wao wa zamani, zilizolipia sehemu kubwa ya mambo yaleyale. Sasa wanaambiwa walipe tena. Na kile walichokiogopa kuliko vyote, kulazimika kuishi miaka kwenye makao ya kutunzia wazee hadi akiba yote iteketee, sheria karibu haikukigusa. AARP, chama kikubwa cha wastaafu, kiliiunga mkono kwa nguvu, kisha kikashangaa wanachama wake wanakuja juu. Mtu mzima anayejua hesabu ya pensheni yake hadi senti ya mwisho huwezi kumlaghai kirahisi namna hiyo. Bunge lilisalimu amri. Kabla 1989 haijaisha, sehemu kubwa ya sheria ilikuwa imefutwa.

Upinzani wa 2009 siupimi kwa mizani hiyo. Muswada wa bima ya afya wa wakati wa Rais Barack Obama ulikuwa na kifungu cha kumlipa daktari anapozungumza na mgonjwa, kwa hiari ya mgonjwa, kuhusu matibabu anayotaka au asiyotaka siku zake za mwisho. Sarah Palin, mwanasiasa wa Republican aliyegombea umakamu wa rais 2008, akaibuka na "mabaraza ya kifo", eti maofisa wa serikali wataamua nani anafaa kutibiwa. Hakukuwa na baraza lolote. Kifungu kiliondolewa hata hivyo, na Medicare ikaanza kuyalipia mazungumzo hayo 2016. Wale wa Chicago walikuwa na bili mkononi. Hawa wa 2009 walitishwa kwa kitu ambacho hakikuandikwa popote, na aliyewatisha simwonei huruma hata chembe.

Ushindi wa 1989 nao ulikuwa na bei yake. Malipo ya dawa yalirudi kwa sheria ya 2003 na kuanza kutumika 2006, miaka ambayo wengi wa waliokuwa na sabini na kitu siku ile hawakuwa nayo ya kusubiri. Utunzaji wa muda mrefu, kilio chao kikubwa, hadi leo Medicare hailipii.