Majongoo wa mlangoni

Mvua ilikuwa siku ya nne haijakatika. Alfajiri nikaamka kwenda msalani, nikakanyaga kitu kikavunjika kau chini ya unyayo. Kuwasha taa, majongoo. Mmoja alikuwa anapanda ukuta bila haraka, miguu ikienda mawimbi mawimbi. Wengine wamejiviringa kizingitini kama ngata ndogo ndogo.

Nikapuliza dawa ya wadudu mpaka nikakohoa mwenyewe. Kisha nikawazoa kwa mkono mtupu, maana jongoo si tandu, haumi. Ni kweli haumi. Ila akibughudhiwa hutoa majimaji yake ya kujihami, yenye harufu kali, na mimi kwa uzembe nikajifikicha jicho. Loo! Niliinamia bomba robo saa nzima, na bado jicho lilishinda jekundu kutwa. Vidole navyo vikabaki na madoa ya kahawia ambayo sabuni haikuyaweza.

Kesho yake walikuwa wengi kuliko jana. Mama, aliyekuja kunitembelea, alinitazama nikitikisa kopo la dawa, akatoka nje na reki bila kusema neno. Akafunua matandazo ya majani niliyoyarundika kwenye maua, yakaegemea ukuta. Chini pakawa panatambaa pote.

"Si umewafuga mwenyewe?" akasema. "Huyu chakula chake majani yaliyooza. Ardhi ikijaa maji anatafuta pakavu. Na pakavu ni kwako."

Iliniuma kidogo, kwa sababu matandazo yale nilijivunia. Tuliyahamishia mwisho wa uwanja, tukaacha ukanda mtupu kando ya msingi. Chini ya mlango nikagongomea kipande cha mpira. Kwa miezi kadhaa mwanga ulikuwa unapenya pale, na sikuwahi kujiuliza ni nini kingine kinachopenya.

Waliobaki ndani hawakuhitaji dawa. Mwili wa jongoo hupoteza maji upesi, sakafu kavu humwua kwa siku moja mbili. Niliwafagia wamekauka, wepesi kama maganda. Mmoja mzima Mama alimwinua kwa kipande cha karatasi, akampeleka kwenye rundo lake jipya.

Madoa yalikaa vidoleni siku kadhaa. Kazini walipoyauliza, nilisema ni wino.