Kabla hujaenda kwa bosi, pita stoo kwanza

Watu wakiongelea kuishi vizuri na wenzako kazini utasikia habari za kutabasamu, kusalimia kila mtu, kuleta maandazi asubuhi, kukumbuka besdei za watu. Sio mbaya, maandazi leteni tu sie tutakula. Ila mimi nimekaa kwenye dipo la bidhaa za jumla hapa Kigoma mjini muda sasa, sabuni, unga wa ngano, mafuta, sukari, na ninachokiona ni kwamba kuna mtu anacheka na wote na hakuna anaemwamini hata mmoja, alafu kuna mtu ana sura kama amelala na njaa lakini akikuomba umshikie zamu unasema sawa kabla hajamaliza kuongea. Kwa macho yangu tofauti ya hawa wawili ni moja tu. Ukikosea, au ukionekana umekosea, huyu mwenye sura ya njaa anakufuata wewe kwanza, yule anaecheka na wote anakimbilia kwa bosi.

Keshia wetu ni mmama wa Ujiji, mkali, hacheki hovyo, na hesabu zake haziibiki. Tulipoletewa stoo kipa mpya kutoka Tabora, kijana mdogo tu, ukashuka mzigo wa sabuni kipindi cha mvua, delivari noti inasema katoni 50, leja ya stoo imeandikwa 48. Katoni 2. Kwenye dipo katoni 2 za sabuni zinatosha kumfukuzisha mtu, tena mgeni ambae hata hajajulikana tabia yake. Keshia aliiona saa tano asubuhi, bosi yupo ofisini mlango uko wazi, hatua kumi tu. Akachukua kaunta buku lake akazunguka nyuma stoo, akasimama nje kwanza maana ndani kulikua na vijana wa kupakia, akamwita.

"Mdogo wangu, hebu njoo mara moja."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi nina hamsini, wewe una arobaini na nane. Tuandike ipi?"

Kumbe turubai la fuso lilikua limechanika, katoni mbili zimelowa, kijana kaziweka pembeni juu ya mapaleti zikauke na hakuziingiza kwenye leja kwa sababu hajui hapa kwetu mali iliyoharibika inaandikwa wapi, alikotoka walikua na daftari lake kabisa. Akaona aibu kuuliza siku za mwanzo. Mama akamwonyesha safu ya mwisho kwenye leja, wakaandika, wakasaini wote wawili, biashara ikaisha. Ile habari ingepita ofisini kwanza ingeitwa wizi, ilivyopita stoo ikawa maji ya mvua. Na yule kijana mpaka leo ukimgusa yule mama umemgusa yeye, siku za kuhesabu stoku mwisho wa mwezi anabaki nae hadi usiku bila kuambiwa na mtu.

Sasa kuna jamaa mwingine, na simsingizii, ni mchapakazi kweli, anawahi kuliko sisi wote. Tatizo lake ni simu. Akikuta kitu hakiko sawa anapiga picha anarusha kwenye grupu la wasap la kazini, bosi yumo, madereva wamo, na chini anaandika "naomba kujua nani alifunga jana". Anajua nani alifunga, ratiba ya zamu imebandikwa ukutani, yani hapo haulizi, anachoma mtu kistaarabu. Hakuna aliegombana nae. Watu wa huku wana heshima zao, wanamsalimia vizuri tu na chai wanakunywa nae. Ila polepole kila anaefanya nae kazi akaanza kujilinda, dereva wa kirikuu hatoki na mzigo wake mpaka ahesabu mara mbili na wasaini kote, vijana wa kupakia wanataka kila kitu kwa maandishi, ukimuuliza mtu kitu mbele yake anakwambia subiri nikaangalie karatasi. Na wateja wetu wengi wanakimbilia boti pale Kibirizi, mtu anarudi Kagunga na mzigo wa duka lake, boti haimsubiri mtu anaesubiri saini ya tatu. Mzigo uleule kwa keshia unatoka haraka, kwa jamaa unachukua nusu saa, na bosi anadhani vijana ni wavivu.

Mimi ningekua na mamlaka ningesema grupu la kazini ni la ratiba, bei mpya na misiba basi.

Na hili la kumsikiliza mtu kwanza wala sio upole wa kiswahili swahili tu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zile zinazoenda na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinamtaka mwajiri ampe mtu nafasi ya kujieleza kabla hajamwachisha kazi. Sasa kama bosi mwenye pesa zake kaambiwa asikilize kwanza, wewe mwenzangu na mimi mnaelipwa dirisha moja unatoa wapi haraka ya kuhukumu? Sheria hiyohiyo imeweka kikomo cha masaa 45 ya kawaida kwa wiki, na ukiyahesabu hayo masaa utakuta wengi wetu tunaonana na wenzetu wa kazini tukiwa macho kuliko tunavyoonana na watoto wetu. Ni watu wa kuviziana hao kweli?

Namna ya kusema nayo ina kazi yake. Tuna mlinzi, mzee wa umri wa baba yangu, na kuna asubuhi geti dogo lilikutwa komeo halijaingia. Wote tulijua mzee usingizi ulimpitia. Kijana aliekuta akamfuata kwenye benchi lake, akainama kidogo, "shikamoo mzee wangu, lile geti dogo nimelikuta limeegeshwa tu, au komeo limeanza kusumbua tulitie oili?" Mzee akamwangalia, akasema ndio, lilete oili. Likatiwa oili ambayo halikuihitaji. Kuanzia hapo mzee anazunguka mwenyewe na tochi, na geti halijawahi kukutwa vile tena. Angeambiwa "mzee umelala" mbele ya watu angebisha, na angekua na haki ya kubisha maana hakuna mzee wa mtu atakubali kuvuliwa nguo na kijana mbele ya mama ntilie anaeleta chai. Kwahiyo ukienda kumwambia mtu kitu mwende wawili tu, uende na swali, na umwachie pa kutokea. Na uende siku hiyohiyo, maana ukikaa nalo wiki linakua kubwa bure na utaanza kulisimulia kwa wengine, hapo tayari ni majungu hata kama ni kweli.

Utani wa Simba na Yanga endeleeni, Jumatatu baada ya dabi ofisi haikaliki na hiyo ni raha. Utani wa mshahara wa mtu achaneni nao.

Michango ndio ina shida ninayoiona kila sehemu. Karatasi inapita, majina na kiasi pembeni, mhasibu kaandika elfu ishirini juu kabisa, kijana wa kupakia anaelipwa kwa siku anafikiwa na ile karatasi anaanza kutoa jasho. Ni mchezo uleule wa kumwaibisha mtu hadharani, ila huu tumeupa jina zuri. Kwetu sikuizi anakusanya mtu mmoja, mfukoni kwake, jumla inatangazwa na majina yanasomwa bila kiasi, na michango haijapungua hata kidogo.

Na msiba ndio utajua umeishi vipi na watu. Kuna dada wa masoko kwao ni Lushoto, akafiwa na mama yake. Sheria inasema mfiwa wa mzazi anapata angalau siku 4 za kulipwa, sawa, lakini mtu wa Kigoma kwenda Lushoto anakatiza nchi nzima, siku nne zinaishia barabarani. Ikabidi aunganishe na likizo yake ya mwaka, na pengo lake lilikua kubwa maana ndio kipindi wateja wa vijijini wanashusha oda. Hakuna aliepangwa kumshikia. Keshia alichukua simu za wateja wake, kijana wa stoo akawa anaandaa oda mapema, hadi yule mlinzi alikua anapokea vikaratasi vya wateja wanaokuja alfajiri anaviweka kwenye kopo. Huyu dada sio mchangamfu sana, ila hajawahi kumpeleka mtu kwa bosi bila mtu mwenyewe kujua.

Mabosi nao wana mkono wao humu. Bosi anaependa kuletewa habari atazalisha waleta habari. Mtu akikuletea neno la mwenzie muulize umeshaongea nae? Kama hajaongea mrudishe, atakuja mara mbili, ya tatu hatakuja.

Ila kuna mambo hayapiti stoo kwanza, na hapa nataka nieleweke. Wizi wa kweli uliouona kwa macho, mtu anatishia mwenzie, dada anashikwashikwa na msimamizi wake, hayo usimwambie mtu aende akaulize kwa upole wawili faragha, ni kumrudisha kwenye hatari. Hayo yanaenda juu moja kwa moja na kwa maandishi, na juu wakiziba masikio kwenye jambo la haki yako ya kazi ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi. Na kama mtu kaachishwa kazi na anaona kaonewa asikae nyumbani akisubiri hasira za bosi zipoe, ana siku 30 tu za kupeleka malalamiko yake kwenye hiyo tume. Wengi wanakuja kuulizia ukiwa mwezi wa tatu tangu waachishwe.